Nililizunguka Gari la Kliniki

Nakumbuka Ijumaa moja kule Doha, mwanangu, nilipolizunguka gari la kliniki asubuhi nzima nisithubutu kupanda. Lilikuwa basi dogo jeupe. Kila wiki lilikuja Industrial Area, eneo la viwanda tulikoishi, likaegeshwa nyuma ya kambi yetu ya wafanyakazi kwa ajili ya watu walionaswa na pombe au vidonge. Mimi vilininasa vidonge.

Usidhani nilivitafuta kwa starehe. Nilikuwa nafunga majukwaa ya ujenzi kwenye kisiwa cha The Pearl, nikaumia mgongo, na jamaa mmoja wa kambini akanipa vidonge vya maumivu. Mgongo ukapona, vidonge vikabaki. Nikivikosa, miguu haitulii, jasho linanitoka hata ndani ya AC, usingizi siujui. Na mama yangu huko Tanga anawaambia majirani mwanawe yuko Uarabuni, anatafuta maisha!

Alhamisi, siku moja kabla ya Ijumaa hiyo, nikiwa juu ya jukwaa, spana iliniponyoka. Ilipita karibu kabisa na kichwa cha Saidi, Mpemba niliyekuwa nalala naye chumba kimoja. Hakunigombeza.

"Kesho gari laja," akasema. "Nenda, ndugu yangu. Mimi nina watoto."

Basi nikaenda. Nikaliona gari, nikalipita. Nikarudi, nikalipita tena. Nilikuwa nawaza kwamba jina langu likiifikia kampuni, nitakatiwa tiketi ya kurudi nyumbani. Nikatembea mpaka dukani, sikununua kitu, nikarudi.

Mlango ukafunguka, akashuka muuguzi Mkenya, mama wa makamo.

"Kijana, umezunguka gari yangu mpaka mimi ndio nimechoka. Kuja ukae hapa."

"Naogopa, mama. Watanirudisha."

"Kuogopa si vibaya. Hata mimi sijui sheria zote za hii nchi, na siwezi kukudanganya. Lakini mimi siongei na kampuni yako, naongea na wewe. Umekula?"

Umekula! Nilikuwa nimejiandaa kwa mahubiri. Nililia pale pale kwenye ngazi ya gari, wanaume wenzangu wakinitazama, kisha nikapanda.

Ningependa kukwambia nilipona siku hiyo. Sikupona. Dawa walizonipa zilipunguza jasho na kuhangaika kwa miguu, nikajiona mzima, nikaacha kwenda, nikavirudia vidonge. Kwa aibu nikatorokea mtaa wa Muaither, kwa binamu yangu aliyekuwa dereva wa nyumba ya watu. Saidi akaitoa siku yake ya mapumziko kunitafuta, akabisha hodi kwenye mageti ya watu mpaka akanipata, akanirudisha kwenye lile gari akinishika bega. Yule mama hakuniuliza nilikuwa wapi.

"Umerudi," akasema. "Haya, tuendelee."

Tukaendelea, muda mrefu sana, mpaka miguu yangu ikajua kutulia.

Basi mwanangu, kitu kikikushinda nguvu, mwambie mtu mapema, hata kama sauti inatetemeka. Ukianguka tena, usijifiche. Anza upya na wale wale walioanza nawe. Na mwenzio akipatwa na ugonjwa huu, usimbandike jina la aibu. Mfuate aliko, umfikishe kwenye tiba, na usichoke akiteleza.

Mwenyezi Mungu akupe mwili wenye afya na usingizi mwororo, na popote utakapokwenda kutafuta riziki, akutangulizie watu wa kukutafuta ukipotea.