Vichupa Viwili vya Kwaluguru

Siku ya kwanza kazini, katika stoo ya chanjo Korogwe, Mtunza Stoo alinipa kichupa akasema, "Tikisa." Mimi dereva wa darasa la saba, nimetoka kuendesha lori la mkonge, nikadhani ananitania. Akanionyesha: chanjo ya pepopunda ikishaganda kwa barafu, ukiitikisa na kuiweka wima, mabonge yanazama chini haraka. Hiyo imekufa, tupa. Ndilo jaribio la kutikisa. Mwezi haukuisha nikawa nalijua kuliko manesi wenye vyeti. Sioni haya kusema: kuanzia Kilole mpaka vijiji vya milimani, hakuna kichupa kibovu kilichonipita.

Nilikuwa nimeshahamishiwa Handeni ilipokuja chanjo mpya ya korona. Mratibu wa Chanjo, mama wa maneno machache, alituketisha. "Humu mna matone ya mafuta, madogo hata darubini yetu haiyaoni. Kila tone limebeba ujumbe. Linaingia ndani ya seli hai, linauachia ujumbe, na seli inatengeneza kipande cha kirusi ili mwili umjue adui. Ukiyatikisa, matone yanaharibika na ujumbe haufiki. Kichupa unakigeuza taratibu, basi."

"Nimeelewa, mama."

"Wewe ndiye ninayekuhofia. Mikono yako imezoea."

Nilicheka. Wiki ile ile nikapeleka vichupa viwili zahanati ya Kwaluguru. Watu wamejaa kwenye mabenchi, nesi anaandika majina. Nikafungua kasha la baridi, na kabla sijawaza nikawa nimeshavitikisa vyote viwili kwa nguvu, nimeviinua kwenye mwanga. Kwa macho vilikuwa safi. Hakuna aliyeniona.

Ningenyamaza, wale watu wangerudi nyumbani wakijidhani wamekingwa. Nikamfuata nesi. "Usivitumie. Nimevitikisa."

"Wewe? Unayejisifu fundi wa vichupa?"

"Mimi."

Nikampigia Mratibu. Akasema, "Waambie mwenyewe, halafu urudi kuchukua vingine."

Nikasimama mbele yao nikaeleza. Wengine waliondoka wakinung'unika. Bibi mmoja mwenye kisukari, aliyetembea tangu alfajiri, hakuinuka.

"Utarudi kweli?" akauliza.

"Nitarudi, bibi."

"Haya nenda. Na mwendo uwe wa mtu mzima."

Niliendesha njia ile ya mashimo polepole, kwa mwendo ambao madereva wenzangu wangenizomea. Jua limeinama nikafika. Walikuwa wamebaki tisa. Nesi alikigeuza kichupa taratibu, mimi nikakaa mbali, mikono mfukoni, na bibi akafunua bega.

Kwenye fomu ya chanjo zilizoharibika, sehemu ya sababu, niliandika jina langu kwa herufi kubwa.

Nimestaafu sasa, niko Masuguru, na sifa zangu ninazitangaza mwenyewe. Anayetaka kunipunguzia kwa ajili ya vichupa viwili, apunguze. Wale tisa walichomwa chanjo iliyo hai.