Mgeni wa Salakanagara

Mwanangu, njia iliyonileta London ilikuwa ndefu: Tanga, Nairobi, Muscat, Istanbul. Kila nilipofika nilikaa kama mtu anayesubiri basi. Hata Tooting, kusini mwa London, katika chumba nilichopanga kwa miaka sita, nguo zangu zilikaa sandukuni, na sanduku likakaa mlangoni.

Nakumbuka Jumapili niliyokwenda Wembley, upande mwingine wa London, kumposa Salma. Baba yake, Mpemba asiyependa maneno mengi, aliniuliza, "Kijana, wewe unakaa au unapita?"

"Tutaona, Mzee, inshallah."

"Hiyo ni inshallah ya mvivu. Binti yangu simwozi abiria. Jumapili ijayo njoo na jibu, au usije."

Nikaenda kazini nimenuna. Nilikuwa naosha vyombo katika jiko la uwanja wa mpira pamoja na mzee mmoja Msunda, mtu wa magharibi ya Java, Indonesia. Sote tulimwita Abah, yaani baba kwa lugha yao. Nilipomweleza yaliyonikuta, alicheka mpaka miwani ikamshuka.

Akanisimulia jinsi Salakanagara, ufalme wao wa kale, ulivyoanza. Wasomi wanabishana, alisema, lakini babu yake alisimulia hivi: mfanyabiashara alitoka India kwa meli, akakuta maharamia wanasumbua kijiji cha pwani. Akasaidia kuwafukuza. Mzee wa kijiji akamwoza binti yake, na alipougua akamkabidhi nchi. Yule mgeni ndiye aliyekuwa mfalme wa kwanza.

Mimi nikamtania, "Kumbe Abah, nyinyi Wahindi tu! Hata ufalme mmejengewa na mgeni."

Akafunga bomba.

"Sikiliza, bwana masanduku. Wageni wangapi walitia nanga pale, wakauza, wakaondoka? Nani anawajua? Huyu tunamtaja kwa sababu hakupanda tena meli. Yule mzee hakumpa mgeni mwanawe na nchi yake. Alimpa mtu aliyekwisha kutua. Wewe unataka mtoto wa watu huku umeshika tiketi?"

Iliniuma. "Kwa hiyo niisahau Tanga?"

"Nani kakwambia usahau? Mimi nalia nikikumbuka mashamba yetu ya mpunga. Lakini nalia nikiwa kwangu."

Jumapili nikarudi Wembley. "Nakaa, Mzee," nikasema kabla sijaketi. Alinisogezea sahani ya wali.

Mwanangu, popote utakapofika, fika kweli. Jua majina ya majirani, panda kitu, toa neno lako ulitimize. Kukumbuka kwenu si kosa. Mimi naamka na Tanga kila asubuhi. Kosa ni kuwafanya wanaokupenda waishi na mtu aliye njiani. Mungu akujaalie pa kutua, na akupe moyo wa kukaa.

Siku niliyohama Tooting, sikurudi tena. Nilipanda treni ya Wembley nimebeba mashati yangu mikononi, abiria wakinishangaa. Sanduku nililiacha pale pale mlangoni.