Saa Niliyoiandika kwenye Ruta

Mimi ni fundi wa mitandao ya kompyuta, kibanda changu kiko Korogwe mjini, na kwa miaka mingi nilijiona mtu makini. Nasema nilijiona. Kuna mama aliyepoteza kazi kwa sababu yangu, na binti yake akakosa mtihani wa kidato cha nne, na kosa lenyewe nililifanya kwa muda usiofika dakika moja, nikiwa nawahi basi.

Ilikuwa shule moja ya binafsi upande wa Mazingara, kule Handeni. Niliitwa kufunga ruta, kile kifaa kinachogawa mtandao kwa kompyuta zote. Ruta hutunza kumbukumbu: kompyuta gani imewashwa, ipi imezimwa. Ile niliyoifunga ilikuja ikihesabu tu muda tangu iwashwe, hesabu isiyomsaidia mtu. Nikaipa amri kwamba kila tukio liandikwe na tarehe na saa yake. Hapo nikajipongeza, maana mafundi wengi huiruka hatua hiyo. Kilichobaki ni kuiambia sasa hivi ni saa ngapi. Intaneti ilikuwa bado haijaunganishwa, kwa hiyo isingeweza kujichukulia saa yenyewe, wala sikuiagiza ije ijichukulie baadaye, na simu yangu ilikuwa imeisha chaji. Nikainua macho ukutani.

Saa ya ofisi niliyokuwa nikifungia ruta iliwekwa na mzee mtunza stoo, kwa namna ambayo baadhi ya wazee wetu bado huweka saa zao: mshale mfupi unafuata hesabu yetu wenyewe, ile inayoanza jua likichomoza. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, na mshale ulikuwa kwenye nne. Macho yakaona nne, kichwa kikakubali, vidole vikaandika 04:12. Ruta huhesabu siku kuanzia usiku wa manane, ilitakiwa iandikiwe 10:12. Tangu hapo kila kilichotokea pale shuleni kiliandikwa saa sita nyuma.

Miezi michache baadaye mtihani wa majaribio ulivuja. Mkuu wa shule aliniita. Mtihani ulikuwa umetumwa nje siku ya Ijumaa, kutoka kwenye kompyuta ya ofisini kwake, siku ambayo yeye mwenyewe alikuwa Handeni mjini kikaoni. Alitaka kujua iliwashwa saa ngapi. Nikautafuta mstari, nikaupata: 05:10. Saa kumi na moja na dakika kumi, alfajiri. Nikauchapa kwenye karatasi na kuupigia kalamu nyekundu. Saa hizo mwenye ufunguo alikuwa mmoja tu, mama mfagizi, na binti yake alikuwa kidato cha nne pale pale.

Mama aliitwa. Alisimama mlangoni, hakutaka kukanyaga sakafu aliyoipiga deki muda si mrefu.

“Mwalimu, mimi hata kuiwasha siijui,” akasema. “Labda hiyo mashine imekosea.”

“Mashine haidanganyi, mama,” nikadakia mimi.

Hakuna aliyeniuliza. Nilisema kwa kiherehere changu, nikitaka mkuu aone kwamba amepata fundi. Laiti ningetazama mistari ya juu na ya chini ya ule mmoja, ningeona kompyuta za shule nzima zikiwashwa saa saba na nusu usiku, kila siku ya kazi, mwezi mzima. Sikutazama. Mama aliachishwa kazi siku hiyo hiyo, na binti akaambiwa asionekane tena getini.

Nilirudi wiki kadhaa baadaye kuongeza waya kwenye chumba cha maabara. Ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka, na ruta inaniambia 08:03. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Ile 05:10 ilikuwa saa tano asubuhi, wakati ofisi iko wazi, walimu wanaingia na kutoka kuchukua chaki, na mama keshamaliza kazi zamani, yuko shambani kwake.

Mtihani wa taifa ulikuwa haujaanza. Zilibaki siku kumi na moja, nilizihesabu pia. Ningeweza kuvuka ua na kugonga mlango wa mkuu. Badala yake nikairekebisha saa, nikafunga kabati ya ruta, nikakusanya vifaa vyangu. Niliogopa kuchekwa. Sina sababu nyingine, na nimeitafuta sana.

Nilikuja kumwambia mkuu mtihani ulipokwisha. Akasema hayo yamepita, fundi, tusifukue. Kwa aibu yangu yote, nilihisi nafuu kidogo, na nafuu ile ndiyo iliyonitisha nikamtafuta mama.

Nilimkuta Kwashemshi, kwa kaka yake, anachambua maharage. Nikamwamkia, akaitikia na kunipa kigoda. Nikamweleza yote: saa ya ukutani, ruta, zile siku kumi na moja. Nilitegemea matusi, hata ningeyashukuru. Mikono yake ilisimama juu ya ungo.

“Mwanangu,” akasema, “mimi nilijua sijaiwasha. Nikasema basi ni mtoto, kaniibia ufunguo nikiwa nimelala. Akaapa. Nikamwambia karatasi imeandika, fundi kasema. Nikampiga. Nimempiga mpaka jirani akaja kumtoa mikononi mwangu.”

Binti alikuwa ameondoka, anaishi kwa shangazi yake Mkumbara, na tangu siku ile hajaongea na mama yake.

Mama akatoa simu kwenye pindo la khanga, akabonyeza namba, akanipa. “Mwambie wewe. Mimi akisikia sauti yangu hukata.”

Nikamwambia. Nilijitaja kuwa ni yule fundi, nikasema saa ilikuwa mbovu kwa mkono wangu, na kwamba yeye na mama yake hawakuwa na kosa. Akauliza jambo moja tu.

“Mama amesikia?”

“Amesikia. Yuko hapa.”

“Mpe simu.”

Nikamnyooshea mama simu. Alirudi nyuma, akaficha mikono yote miwili chini ya khanga, akatikisa kichwa huku machozi yanamtoka. Nikabaki nimeishika simu katikati yetu, na ndani yake sauti ya binti inaita, “Mama? Mama?”