Marudio ya Makopa

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msidhani mtu mzima akinyamaza ameshinda. Mara nyingine anatafuta pa kupitia tu. Mimi niliishia darasa la nne, naandika kama ninavyosema.

Nimekulia Mahurunga kwenye mihogo na mikorosho, na sasa nakaa Magomeni, mjini huku huku kusini, kwa mwanangu. Mke wake ni mwalimu, katokea bara huko, mtu wa kanisani. Mimi ni wa msikitini. Hatujawahi kugombana, maana hajawahi kunijibu. Mkwe hamjibu mama mkwe. Shuleni kwake anawafundisha wasichana besiboli, mpira ule wa kupiga kwa gongo na kukimbia, na binti yake, mjukuu wangu wa miaka kumi na nne, ni mmoja wao.

Jumapili moja mchana walikuwa wanatazama wachezaji wa Amerika kwenye kompyuta, wale wanaolipwa kwa kazi hiyo. Nami nikakaa. Mkimbiaji alijitupa kwa tumbo kukifikia kituo, na mpira nao ukafika. Mwamuzi, jitu la miraba minne, akakunja ngumi: nje!

"Kwisha habari yake," nikasema. "Inuka baba, kapumzike."

"Bado, bibi," mjukuu akanijibu. "Kocha wao ameomba marudio."

Mwamuzi akavaa vitu vya masikioni, akasimama anasikiliza wenzake walioko mji mwingine wanaoitazama picha ile polepole. Uwanja mzima unangoja. Kisha akavivua, akafungua mikono yote miwili: yumo!

"Kajiaibisha mbele za watu," nikasema.

"Hapana, bibi. Kajirudi."

"Na kesho nani atamheshimu?"

"Kesho anaamua tena. Wewe ndiye utakuwa bado umenuna."

Neno lile lilinikaa vibaya. Kumrudi mtoto ni kumtia adabu, na mimi nimewarudi watoto saba na wajukuu pia. Kujirudi mwenyewe niliwaachia wengine.

Alhamisi yake tulikuwa na makopa, mihogo iliyomenywa na kukatwa, tumeianika kwenye uchanja nyuma ya nyumba. Nilimwagiza mjukuu ayafunike kwa turubai kabla ya kwenda shule, akandamize kila pembe ardhini kwa tofali. Mchana mvua ikashuka. Nilipotoka, pembe ya upande wa jikoni ilikuwa inapepea na makopa yameloa chapachapa. Makopa yakiloa huota ukungu.

Aliporudi nilikuwa namngoja. Siku njema namwita mke mwenzangu. Siku hiyo nilisema, "Wewe! Jumamosi huendi kokote."

Jumamosi walikuwa wanakwenda Lindi, mchezo wao wa kwanza nje ya mji. Besiboli huchezwa na watu tisa, nao walikuwa tisa kamili. Akikosekana mmoja, hakuna mchezo.

"Nilifunika, bibi. Pembe zote nne."

"Macho yangu yameona."

"Yameona turubai liko wazi. Hayakumwona aliyelifungua."

"Unanifundisha kuona?"

Hakulia. Alitoa glovu yake ya kudakia mpira kwenye begi, akaitundika msumarini pale sebuleni, mahali ambapo lazima niione.

Ijumaa baada ya swala mkwe wangu akaja mkekani, macho chini, simu ameishika kwa mikono miwili. "Mama, nisamehe. Mimi sisemi kitu. Naomba tuangalie marudio."

Alikuwa amempiga picha ya video binti yake asubuhi ya Alhamisi uani, anapojifunza kusimama na gongo. Nyuma yake turubai limetulia, tofali nne. Gongo likapita mara moja, mara mbili. Halafu kikaingia kitenge cha njano ninachokijua. Mwenye kitenge akasogeza tofali kwa mguu, akainua pembe, akatoa kopa, akalivunja karibu na sikio asikie kama limekauka. Akatafuna kipande, akaenda zake. Tofali likabaki kando.

"Rudisha," nikasema.

Akarudisha mara tatu. Mara zote tatu yule mwanamke hakulirudisha tofali.

Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni. "Bibi, nikuletee vitu vya masikioni?"

Mama yake akamkata jicho. Mimi kicheko kikanitoka bila ruhusa yangu. Nikainuka, nikasimama katikati ya sebule, nikafungua mikono yote miwili.

"Yumo," nikasema. "Mke mwenzangu, chukua glovu yako."

Walikwenda Lindi, wakafungwa vibaya, wakarudi wanaimba.

Jumapili niliwakalisha wote, na mwanangu pia. Katika mchezo wao kocha akimpinga mwamuzi na kuonekana ana haki, ruhusa yake ya kupinga inabaki. Akikosea, imekwisha. Nikawaambia: "Humu ndani kila mmoja, kuanzia mkwe wangu, ana rufaa moja kwa wiki juu yangu. Aseme 'marudio', nami nitafunga mdomo mpaka tuangalie. Akiwa na haki, rufaa yake inabaki. Akikosea, atatwanga makopa. Na tofali la pembe ya jikoni asiliguse mtu. Hilo nitalirudisha mwenyewe."