Ukimya Baada ya Adhana

Nimefanya kazi ya kunasa sauti redioni kwa zaidi ya miaka thelathini, na kazi hiyo ilinifundisha kutokubali kwamba kitu kimesikika mpaka nikisikie mwenyewe, tena mara mbili. Haya ninayoyaandika si ya kusimuliwa. Ambayo sikuyasikia nimewaachia watu wa barazani, ambao hawajawahi kupungukiwa na maneno.

Binti yangu anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Mbweni. Ndiye aliyeniletea wageni wale: bendi ya vijana wa Nairobi, wapigaji wa muziki wa metali, waliokuwa wakizunguka miji ya pwani na kupiga onyesho moja kila mji. La Unguja walitaka kulirekodi liwe santuri. Kompyuta walikuwa nayo, lakini walisema sauti yake ni safi mno kwa muziki wao; walitaka na utepe, kama zamani. Fundi wao wa sauti, msichana mwembamba mwenye visikizio shingoni, alipanda ngazi za nyumba yangu ya Mji Mkongwe, akaniamkia, kisha akaizunguka mashine yangu mara mbili bila kuigusa. Hilo lilinipendeza.

"Bado inafanya kazi, mzee?"

"Kuliko mimi."

Nilimweleza kasoro yake moja. Kichwa cha kufutia kimechoka. Ukirekodi juu ya utepe uliokwisha kutumika, sauti mpya inaingia barabara, lakini ya zamani haifutiki yote. Inabaki chini kwa mbali, na panapokuwa kimya hujitokeza. Kwa utepe mtupu haina madhara. Nikamwambia nnao watupu watatu, kabatini.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa ni langu peke yangu. Redioni tulikuwa na utaratibu ambao hatukuhitaji kuuandika: utepe wa kuhifadhiwa huachwa ulipoishia, mkia ukiwa nje, ulio mtupu hurudishwa mwanzo. Mtu akifungua boksi anajua, hata gizani. Nilifungua maboksi matatu yasiyo na maandishi, nikaona yote yamerudishwa mwanzo, nikayafunga kwa kamba, nikaenda nayo Mbweni pamoja na mashine.

Onyesho lilifanyika katika bustani ya hoteli, karibu na magofu ya misheni, kuanzia saa tisa alasiri. Sheha wa mtaa alikuwa ametoa ruhusa kwa masharti mawili: wamalize kabla ya magharibi, na adhana ikianza wanyamaze. Sitasema kwamba nilifurahi. Ngoma zilipigwa kama nazi zinazomwagwa juu ya mabati, na mwimbaji, pande la mtu lenye nywele hadi kiunoni, alitoa sauti ambayo haikutoka kooni bali tumboni, chini kabisa, mahali ambapo mtu mwenye adabu hapachimbui mbele za watu. Chokaa ilidondoka kwenye ukuta wa gofu. Hata hivyo nilikiri moyoni kwamba wana nidhamu. Hapana aliyechelewa hata robo ya pigo.

Adhana ya alasiri ilipoanza, mwimbaji aliinua ngumi na muziki ukakatika katikati ya wimbo kama uliokatwa kwa wembe. Vijana wetu wenye fulana nyeusi walisimama wakitazama chini. Muadhini akamaliza. Midomo ikatikisika kwa dua, kisha pakawa na kimya cha ajabu, watu zaidi ya mia mbili bila hata kikohozi. Utepe sikuusimamisha. Kanuni yetu ilikuwa kutosimamisha utepe kabla shughuli haijaisha. Kukata ni kwa baadaye. Mwimbaji alisema kitu kwenye kipaza sauti, mpiga ngoma akagonga fimbo zake mara nne, na zahama ikaendelea.

Asubuhi ya pili nilikuwa barazani kwangu, sijamaliza kikombe cha kwanza, muuza kahawa aliponitazama kwa jicho la upande.

"Fundi, tunasikia umemrekodi jini."

"Nani kasikia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Mlinzi wa hoteli kawapelekea wale Wakenya nyaya zao leo asubuhi, kawakuta wanasikiliza. Mwanamke anaita toka ndani ya gofu. Jana usiku Forodhani nzima ilikuwa haina jambo jingine."

"Mlinzi aliwapelekea nyaya leo asubuhi," nikasema. "Forodhani ilijuaje jana usiku?"

Mzee mmoja jirani yangu alicheka hadi kofia ikamwenda upande. "Muache fundi. Atataka kumwona jini na cheti chake cha kuzaliwa."

"Kasema lugha gani?" nikauliza.

"Kiswahili. Cha mjini."

"Basi jini msomi," akasema jirani. "Labda alikuwa mwanafunzi wako."

Waliendelea hivyo. Mimi nilivaa viatu nikaenda kwenye nyumba ambayo bendi walipanga, vichochoro vitatu kutoka kwangu. Nilikwenda nikiwa na hasira, si hofu.

Msichana alinifungulia. Hakuwa amelala vizuri. Alisema, "Mzee, kuna mtu ndani ya hii kitu," akaniketisha mbele ya mashine yangu, niliyowaachia baada ya onyesho, akanivisha visikizio.

Muziki ulikatika. Adhana ikapita hadi mwisho. Kikaja kile kimya, na chini ya kimya nikasikia mchakacho: shaa, shaa, kisha kutua, kisha shaa, shaa.

"Tumedhani ni bahari," alisema. "Ama mtu anatembea kwa kokoto."

Haikuwa bahari. Ulikuwa mchele unapepetwa kwenye ungo. Nililijua hilo kabla akili yangu haijakubali. Ungo ukatua. Sauti ya mwanamke, mbali, kama kutoka chini ya ngazi, ikauliza:

"Upo?"

Kisha mwimbaji, kwa sauti yake ya kawaida, taratibu, akasema: "Niko hapa." Zikafuata zile fimbo nne.

Nilivua visikizio. Nikaomba nisikilize tena, kwa kuwa ndiyo kanuni yangu, nikasikiliza. Kisha nikaomba nisikilize kilichonaswa na kompyuta, mahali palepale. Adhana. Kimya. Hapana ungo wala mwanamke. Kimya kitupu, na ndani yake mtu mmoja anajibu: "Niko hapa."

Kwa hiyo sauti haikuwa bustanini. Ilikuwa kwenye utepe, na iliingia kabla ya onyesho kwa miaka mingi. Gofu halikusema kitu. Huo ndio ukweli, nami ningeweza kurudi nao barazani nikawanyamazisha wote kabla ya adhuhuri. Lakini ukweli ule ulikuwa na nusu ya pili, na nusu hiyo ilikuwa mke wangu.

Alifariki miaka minne iliyopita. Katika maisha yetu yote ya ndoa hakuwahi kunitaja kwa jina. Wanawake wa rika lake hawakuwa wakiwataja waume zao. Akinitaka, alisimama chini ya ngazi akauliza, "Upo?" nami nilijibu, "Nipo." Siku nilipoileta mashine ile nyumbani, redio ilipoitoa kwa uchakavu, niliiwasha kuijaribu na kuiacha ikizunguka. Yeye alikuwa uwani anachambua mchele. Ilinasa karibu nusu saa: ungo, kunguru, mvumo wa wimbo wa kubembelezea mtoto, na mwisho kuniuliza kama nipo kwa sababu chai ilikuwa inapoa. Alipojua, alikasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Futa," aliniambia. "Sauti yangu si ya kusikilizwa na watu. Mimi si wa redio."

Nikamwambia nitafuta. Sikufuta. Sikuandika kitu juu ya boksi ili mtu asijue, na nikauacha utepe mkia nje, nikijiambia kwamba huo tu unanitosha kuutambua. Baada ya arubaini yake niliuweka kwenye mashine. Niliurudisha mwanzo ili niusikilize, na nilipofika mwanzo sikuweza. Nikaufunga hivyo hivyo, kama mtupu.

Sasa nusu saa ile ilikuwa imefukiwa chini ya magitaa. Kilichobaki ni pale tu ambapo watu mia mbili walinyamaza kwa ajili ya adhana, na nilichoahidi kwamba hapana mtu atakayekisikia kilikuwa kimekwisha kusikiwa na mlinzi.

Mwimbaji aliingia akiwa na kikombe cha uji, nywele amezifunga juu kama mwanamke anayetoka kuoga.

"Shikamoo mzee. Umeskia? Hiyo tunaiacha hivyo hivyo. Hiyo ndiyo santuri yenyewe."

"Marahaba. Ulikuwa unamjibu nani?"

Akasimama. "Ati?"

"Baada ya adhana ulisema 'Niko hapa.' Nani alikuuliza?"

Alimtazama msichana. "Si ni wewe uliniuliza kama niko tayari?"

"Mimi nilikuwa nyuma ya meza," msichana akasema. "Sikufungua mdomo."

"Kuna mtu aliniuliza," alisema mwimbaji, na safari hii hakuwa akitabasamu. "Nilidhani ni mtu."

Kwetu mtoto hufundishwa mapema kwamba usiitikie sauti ambayo mwenyewe humwoni. Siku zote nililihesabu hilo katika mambo ya barazani. Maelezo ninayo. Mtu aliyesimama kimya mbele ya umati huweza kudhani ameulizwa. Jibu langu mwenyewe lazima lilikuwa palepale kwenye utepe, na sauti yake ikalifunika. Kwamba jibu lake lilitua juu ya jibu langu, pigo kwa pigo, ni bahati. Nimeyapima maelezo haya mara nyingi na sioni mahali yanapovuja. Nimeyaandika kama yalivyo.

Nikawaambia. Sikuwa nimekusudia kuwaambia yote, lakini niliwaambia: ni nani, na alisema nini kuhusu sauti yake. Mwimbaji akaweka kikombe chini.

"Pole sana, mzee. Hatukujua."

"Nnajua hamkujua. Nnaomba itoke."

"Itatoka," alisema, bila kubishana, nami nilijuta baadhi ya niliyoyawaza juu ya tumbo lake.

Msichana alikuwa akichezea waya wa visikizio. "Naweza kukutolea hiyo sauti peke yake. Niisafishe, nitoe kelele, nikuwekee kwa simu. Yako tu."

"Utaisafisha vipi?"

"Nitaiskiza polepole. Mara nyingi."

Sitasingizia kwamba nilikataa haraka. Kisha nikamwambia hapana, kwa kuwa mara nyingi ndiyo hasa aliyoikataa marehemu mwenyewe.

Tulirudi kwangu na mashine na utepe. Niliusogeza kwa mkono hadi pale, nikatia alama kwa penseli, nikakata kwa wembe kama nilivyofundishwa nikiwa kijana, tangu mwisho wa adhana hadi fimbo ya kwanza. Mahali pake msichana aliingiza kimya cha kompyuta, chenye jibu la mwimbaji peke yake. Kipande nilichokitoa kilikuwa na urefu wa kama pima mbili. Ningeweza kukichoma. Nilikizungusha kwenye vidole, mkia nje, nikakiweka katika boksi, na safari hii nikaandika juu yake: si mtupu. Tangu siku hiyo mashine haijawashwa.

Barazani niliwaambia kwamba nimechunguza na hapana jini. Utepe wangu ulikuwa umetumika. Waliniuliza ulitumika kwa nini. Nikasema kwa kujaribia mashine, na hilo ni kweli. Alichonikataza marehemu ni sauti, na sauti nimeifunga. Haya ni maandishi tu.

Santuri ilitoka. Binti yangu alinionyesha kwenye simu kwamba vijana wanaisikiliza hata hapa mjini, na kwamba mahali wanaporudia zaidi si penye makelele. Juzi muuza kahawa alininyooshea simu yake, mkono mmoja bado umeshika dele la kahawa.

"Sikiliza hapa, fundi. Adhana inakwisha, kimya, halafu huyu bwana anasema yuko. Wala hakuitwa. Anamjibu nani?"

Nilisikiliza mpaka mwisho, kisha nikamrudishia simu na kumwomba asikilize mara ya pili, kwa makini. Alisikiliza huku amekunja uso.

"Hamna mtu," akasema.

"Basi umesikia," nikamjibu. "Mimina kahawa."