Simu Iliposoma Kitabu cha Mjomba

Mjomba wangu, kaka yake mama, ni mwalimu wa chuo huko Kipungani. Watoto wengi wa kijiji kile wamejulia Kurani mkekani pake. Miaka yote hiyo, kila alipopata nafasi, aliketi na taipureta yake kuukuu akaandika kitabu: jinsi walivyolelewa, visima walivyoteka, nani alizikwa wapi. Aliandika kwa Kiamu, lahaja yetu ya Amu, kama anenavyo.

Nuru ya macho ilipoanza kumtoka alikuwa bado hajakisahihisha. Halafu masika moja makuti yakavuja na karatasi zikaoza sandukuni. Bahati njema mtoto wake aliyeko Mombasa alikuwa ameshaziskani na kunitumia faili la PDF. Mjomba alipopata habari akanipigia simu.

"Simu yangu hunisomea ujumbe," akasema. "Haiwezi kunisomea kitabu?"

Nikamwambia haiwezi, kwa kuwa zile kurasa ni picha tu na simu haioni herufi ndani yake. Lakini nikamwahidi kutafuta programu ya kuzigeuza ziwe maandishi, ayasikilize, na mimi nirekebishe atakapo.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Amu mjini. Programu nilipewa na mwenzangu wa shuleni anayefundisha kompyuta, kijana kutoka Meru. Nililiingiza faili, na kabla chai yangu haijapoa kitabu kizima kikawa maandishi. Nikasoma ukurasa wa kwanza, ambao wote ni bismillahi na dua, nikauona umetoka safi. Sikusoma zaidi. Nikapanda boti kwenda Kipungani nikiwa na furaha yangu.

Nilimkuta amekoga, amevaa kanzu, amekaa barazani. Nikaiweka simu kati yetu. Sauti ya mwanamke, sauti isiyo ya mahali popote, ikaanza kusoma. Kwenye dua mjomba alikuwa akiitikia amina. Kisha sauti ikasema, "Nyumba yetu ilikuwa kwenye India ya msikiti."

Akainua kichwa. "India?"

"Ni ndia, mjomba. Imekosea," nikasema, maana yeye aliandika *ndia*, njia kwa Kiamu.

Sauti ikaendelea. Ikafika pale anapomtaja mama yake, bibi yangu, ambaye mimi sikumdiriki.

"Mama alikufa mwaka wa ndoa. Uji alitupakulia sisi, yeye akanywa mali."

"Izime," akasema.

Nikaizima. Yeye aliandika *mwaka wa ndaa*, yaani njaa. Mama yake aliwapakulia wanawe uji, yeye akanwa mai, maji matupu, mpaka ndaa ikamuua. Na mwanawe ameketi barazani anaambiwa ulikuwa mwaka wa ndoa, na kwamba mama alikunywa mali.

"Ni nani aliyetia maneno haya?"

"Mashine, mjomba. Neno isilolijua hulibadilisha."

"Mashine haioni haya," akasema polepole. "Mtu ndiye aonaye haya. Wewe umesomea bara. Mtoto akikuandikia *nti* darasani, wamfanyaye?"

Namsahihisha, naandika *nchi* juu yake kwa wino mwekundu, kwa sababu ndivyo mtihani unavyotaka. Alijua hivyo. Aliniombea safari njema, akaingia ndani bila kunikaribisha chakula, jambo ambalo halijapata kutokea katika nyumba ile.

Shuleni, mwenzangu aliangalia akanieleza kwamba programu ina kamusi ndani yake, na herufi zikififia hukisia neno lililo karibu. Akaizima hiyo kamusi. Sasa *ndia* ikabaki *ndia*, lakini herufi nyingine zikatoka zimevunjikavunjika, m imekuwa r na n, mistari imepandana. Nikawa nikitoka darasani naweka picha upande mmoja na maandishi upande wa pili, narekebisha neno kwa neno. Sura ya bibi niliianza kwanza. Mahali pengine utepe wa taipureta ulikuwa umekauka, hata kwenye picha hapasomeki. Pale hapakuwa na wa kumuuliza ila mwenyewe.

Kila nilipompigia alinijibu salamu, akaniuliza hali ya mama, akasema ana shughuli. Mwishowe nilikwenda bila kumwarifu. Nilikaa barazani nikamsomea mwenyewe, kwa sauti yangu, nilipofika penye pengo nikanyamaza.

"Mbona umesita?"

"Hapasomeki. *Tulimzika tini ya*... kisha sioni."

"*Tini ya mkwaju*," akasema. "Andika. Nitajie herufi zake."

Nikamtajia moja moja, *tini* kwa t, si *chini*. Tangu siku hiyo alinitajisha kila neno, hata *mama*. Nilivumilia, ingawa ulinichoma ule mtihani usiokwisha.

Tulikuwa tukienda vizuri, mpaka siku moja nilipomsomea ukurasa wa visima, nikakuta pengo, nikamuuliza kisima chenyewe kiliitwaje. Akataja jina. Akasema hapana, hicho ni kingine. Akajaribu tena, jina likakataa kuja. Nikamwambia naweza kuuliza wazee wengine pale kijijini, au tuweke neno lolote linaloelekea.

"Usitie neno," akasema. "Acha wazi."

Sura ya bibi imekamilika. Zilizobaki zina nafasi tupu, na kila ninapokwenda zinaongezeka, kwa maana hata palipoandikwa bayana siku hizi huuliza kama kweli aliandika hivyo, na akitia shaka husema niache wazi. Namwambia ndiyo, ndivyo ilivyo kwenye picha. Hunisikiliza, kichwa ameinamisha, na sijui kama ananiamini.