Breki ya Nakhumicha

Mwaka wa 1978, Nakhumicha ndiye aliyekuwa mwanamke pekee wa kuunda mikokoteni katika soko la Gikomba. Wanaume walishamsamehe kosa hilo, kwa sababu mikokoteni yake haikuvunja watu miguu. Siri yake ilikuwa kipande cha tairi kuukuu, kimepigiliwa misumari chini ya mkia wa mkokoteni. Ukiteremka na mzigo, unainua mishikio. Mkia unashuka, tairi linakwaruza lami, mkokoteni unatulia.

Halafu ikatoka amri ya baraza la jiji: mkokoteni usio na breki haupewi nambari, na usio na nambari unachomwa. Akaletwa Injinia Kinyanjui kukagua, kijana wa tai pana na suruali pana zaidi. Akachungulia chini.

"Breki iko wapi, mama?"

"Si hiyo unaitazama!"

"Hili ni tairi bovu. Breki ni lazima iwe na pedali. Imeandikwa."

Irungu, seremala wa jirani, akamvuta Nakhumicha kando. "Mama Patrobas, mpigilie kibati hapo mbele aite pedali. Aende zake, sisi tule."

"Na nani atakikanyaga? Mvutaji anatembea! Nikipigilia uongo wake leo, kesho ataniambia nifunge usukani na honi."

Akapakia marobota sita ya mitumba, akasimama juu ya mteremko wa kwenda mtoni. "Injinia, simama pale chini. Nikikugonga, choma huu na mingine yangu yote."

"Mimi ni mkaguzi, si ukuta."

"Wacha nisimame mimi," akasema Irungu, akashuka na hindi lake la kuchoma, akajipanga katikati ya barabara kama nguzo.

Nakhumicha akaja mbio, marobota yakimsukuma mgongoni. Akainua mishikio. Tairi likapiga kelele, likanuka. Mkokoteni ukatulia hatua moja kutoka kwa viatu vya Irungu, ambaye hakuacha kutafuna. Soko zima likapiga mbinja.

Injinia akaandika, akisoma kwa sauti: "Mkokoteni umesimama bila breki. Nambari imekataliwa."

"Hiyo meza unaandikia ofisini ililetwa na nini?" Nakhumicha akamuuliza. "Malaika? Rudi Jumatatu uchome. Na ubebe kiberiti kikubwa."

Siku zilizobaki alikata tairi, na yeyote aliyekuwa na mkokoteni alipata kipande na misumari minne bure. Jumatatu Injinia alikuta mikokoteni zaidi ya mia mbili, kila mmoja na tairi mkiani, na pedali hakuna hata moja. Aliandika mpaka karatasi zikamwishia. Kuchoma yote kungekuwa kuchoma soko, na mabosi wake wakose makabati, vitanda na sukuma wiki.

Kiberiti hakikutoka mfukoni. Akageuka kurudi, barabara imejaa mikokoteni inayoteremka, akabaki ukingoni akinyoosha mkono aombe njia. Wa mbele alikuwa Nakhumicha. Akainua mishikio, tairi likakwaruza.

"Pita, Injinia. Nimesimama bila breki."